Kapu la simu mlangoni: nilivyochagua kamera Lamu

Mlangoni pa nyumba ya bi harusi, mtaa wa Mkomani, palikuwa na kapu la ukindu, na kando yake ameketi mama mmoja asiyecheka. Kila mwanamke aliyekuja kwenye kupamba, sherehe ya wanawake peke yao, alitoa simu yake, ikafungwa kwa leso, ikatiwa kapuni. Mimi nilikuja kikazi. Mkononi nilishika kamera ndogo ya vlogu niliyoazima kwa binamu yangu wa Malindi, Sony ZV-1, inayoenea kiganjani. Mama akanitazama mimi, kisha akautazama mkono wangu.

"Na hiyo itie humu, mwanangu."

"Hii ni kamera, mama. Mimi ndiye mpiga picha."

"Mpiga picha huja na kamera. Hiyo ni simu."

Nilisimama pale hadi somo (kungwi) wa bi harusi alipotoka akanitolea dhamana. Hata baada ya kuingia, kila nilipoinua mkono kuna aliyejifunika uso kwa mtandio. Sikuwalaumu. Kwenye kupamba wanawake wamevua mabuibui, nywele zimesukwa, dhahabu zimetoka sandukuni, na picha moja ikitoroka hairudi. Mtu mwenye kitu kidogo mkononi anaonekana kama mtu anayeiba.

Shida ni kwamba kufikia siku ile nilikuwa nimekwisha amua kuinunua kamera kama ile ile.

Nieleze nilikotoka. Ninafanya kazi za aina mbili: harusi upande wa wanawake, ambako wapiga picha wanaume hawaingii, na video fupi za nyumba za wageni huko Shela, ambazo mara nyingi nazungumza mwenyewe mbele ya kamera. Kwa miaka mitatu nilitumia kamera ya zamani iliyoanza kugoma. Zamu yangu ya chama ilipofika nilipata shilingi 150,000, na nilijua zamu nyingine si ya karibu. Kwa hiyo ni kamera moja tu, si mbili.

Aliyenifunza kazi, fundi wa picha wa Langoni, alikuwa anauza Sony A7 III yake ili anunue mpya. Ni kamera iliyotoka 2018, yenye sensa (kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga) ya fremu kamili, yaani milimita 36 kwa 24, ukubwa ule ule wa filamu tulizopigiwa picha za utotoni. Alitaka 105,000 kwa mwili mtupu bila lenzi. Nikamwambia, "Ami, niachie wiki moja nijaribu." Akaniachia, pamoja na lenzi yake ya kukuza ya Tamron, kwa sharti nisipande nayo mashua bila mfuko wa plastiki. Ile ndogo binamu alikuwa ameniachia mwezi mzima.

Ile ndogo ilinipata kwa urahisi wake. Gramu 294 pamoja na betri. Kutoka Lamu hadi Shela kwa miguu, ufukoni, ni kama dakika arobaini, na hutambui kama umebeba kitu. Kioo chake hufunguka pembeni kikakugeukia, ukajiona unavyozungumza. Kioo cha A7 III huinuka na kushuka tu, hakikugeukii, nami nikajikuta nimejirekodi dakika nne nikiwa nimekatwa paji la uso. Ndogo ina maiki nzuri na kifuniko chake cha manyoya cha kuzuia upepo, na wakati wa kusi hilo si jambo dogo. Tena ina filta ya kupunguza mwanga ndani kwa ndani. Saa sita mchana kwenye mchanga wa Shela unabonyeza tu, video haiungui kwa mwanga. Kwa kamera kubwa unatafuta filta ya kuzungusha mbele ya lenzi, na lenzi nyingine ina kipenyo kingine, kwa hiyo filta nyingine.

Halafu kuna watu. Nilipita Mkunguni na ile kubwa, wazee wa barazani wakanyamaza. Mmoja akageuza uso, mwingine akauliza picha zinakwenda wapi na nani analipa. Siku ya pili nikapita na ndogo, bao likaendelea, mabishano yakaendelea, nami nikapata nusu saa ya sauti na nyuso ambazo sijawahi kuzipata. Nikasema basi, yamekwisha, ndogo ndiyo yangu.

Ndipo ikaja kupamba.

Tuachane na ya mlangoni, nizungumze ya ndani. Taa zilikuwa za rangi, hafifu, zimeelekezwa kwa bi harusi peke yake. Wanawake waliokuwa wakiimba walikuwa nusu gizani. Sensa ya ile ndogo ni milimita 13.2 kwa 8.8. Ukipiga hesabu ya eneo, ya kubwa inaizidi zaidi ya mara saba, na lenzi zikiwa zimefunguliwa sawasawa, mwanga unaokusanywa hupishana kwa kiasi hicho hicho. Mchana hujali. Usiku ule nilipandisha ISO (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) hadi 6400, na nilipofika nyumbani sehemu za giza za picha zilikuwa zimejaa chengachenga kama mtu aliyemwaga mchele, na hina ya mikononi, ambayo watu walikesha kuichora, imeyeyuka kuwa doa la kahawia.

Kosa jingine lilikuwa langu, wala si la kamera: niliacha kasi ya shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, kwenye sekunde 1/60. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa zile za bei nafuu zikapiga mistari inayopanda na kushuka ukutani. Weka 1/50, na video iwe ya fremu 25 kwa sekunde. Nililijua hilo, nikalisahau kwa hasira za mlangoni.

Wiki iliyofuata palikuwa na kupamba kwingine, huku nikiwa na A7 III. Sikuulizwa lolote. Mama wa kapu, si yule, mwingine, aliiona inaning'inia kifuani akasogea nipite. Ndani wanawake walijipanga wenyewe: "Njoo upige na huku." Kitu kile kile kilichowafunga midomo wazee wa Mkunguni ndicho kilichowafungua wanawake wa ndani, kwa sababu kila mtu alikiona, alijua ninapoelekeza, na alijua nikikishusha nimeacha. Na kwa ISO ile ile 6400, hina ilihesabika mstari kwa mstari.

Nikarudi kwenye daftari langu. Mwaka uliopita: harusi kumi na moja, video za nyumba za wageni tisa. Idadi zinakaribiana, lakini katika kila shilingi nne, tatu zilitoka kwenye harusi. Na mwenye nyumba ya wageni hajawahi kunirudishia video akisema ina chengachenga. Mama wa bi harusi anakuza picha kwenye simu hadi aione shanga ya mwisho.

Basi nikaamua kubwa. Lakini 105,000 ni mwili, na mwili bila lenzi ni tofali. Ile Tamron ya ami ilikuwa nje ya uwezo wangu, tena ikiwa juu ya kamera jumla inafika gramu 1,200, ambazo ukizibeba mkononi kuanzia magharibi hadi saa nane za usiku bega linakukumbusha. Kila niliyemuuliza aliniambia ninunue lenzi ya milimita 50, f/1.8 (yaani tundu lake hufunguka sana likaingiza mwanga), nyepesi na rahisi. Kwingine ushauri huo ni mzuri. Lamu una kasoro, na kasoro yenyewe ni boriti.

Vyumba vya nyumba zetu za mawe vilijengwa kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko zinazoshika dari. Chumba kinaweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake hauzidi sana mita tatu. Ukisimama ukutani na lenzi ya 50, bi harusi akiwa ukuta wa pili, fremu inambana yeye peke yake, waliomzunguka wamebaki nje. Kurudi nyuma huwezi, nyuma ni mawe ya matumbawe. Nilijaribu ya 50 ya rafiki mmoja kwa dakika tano chumbani kwa nyanya yangu, ikatosha. Nikatafuta ya milimita 28, f/2, iliyotumika, gramu 200. Nikaipata Mombasa kwa 31,000, ikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti. Hutanua vya kutosha, na usiku ni jicho la paka. Ukimsogelea mtu sana inampanua pua, kwa hiyo picha za uso peke yake nasogea nyuma kidogo na kukata baadaye. Zilizobaki zikaenda kwa kadi mbili za kuhifadhia picha, betri ya akiba na kopo la plastiki lenye mfuniko mkali, na vifuko vya silika ndani yake, maana unyevu wa kwetu huotesha kuvu ndani ya lenzi, nayo ikiota husafishi kwa kitambaa.

Niliifikiria pia A7C, ya fremu kamili lakini mwili mdogo, gramu 509, yenye kioo kinachogeuka. Ilikuwa ghali kwangu, na ina nafasi ya kadi moja tu. A7 III huandika kwenye kadi mbili kwa pamoja. Moja ikifa, nyingine ipo. Harusi hairudiwi kwa sababu kadi imeharibika.

Kwa kazi za Shela, nampigia simu binamu. Ile ndogo huja kwa siku mbili, namlipa elfu mbili na halua, na gharama hiyo naitia kwenye bei ya mwenye nyumba. Mara nyingine haipatikani, napiga kwa simu, na bado hakuna aliyelalamika.

Kadi mbili, lakini, zina mambo yake. Desturi yangu na mama wa bi harusi ni kwamba usiku ule ule namkabidhi kadi, yeye ndiye anayeniletea siku ya kuhariri, na anakaa pembeni hadi nimalize. Harusi ya kwanza na kamera mpya nilitoa kadi, nikamtia mkononi. Akaifunga kwenye ncha ya leso. Akaitazama kamera, kimlango bado kiko wazi.

"Na ile ya pili, mwanangu?"

Nikaitoa na ya pili.