Umekula nini leo? (Tafakari ya Ijumaa)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh ndugu zangu wa Lamu, mlioko nyumbani na mlioko mbali.

Wiki hii nilikua nimejipanga niandike kuhusu subra, hata nilikua nimeshaanza, lakini tangu Jumanne moyo wangu uko kwa jambo moja tu na sitaweza kuandika la pili mpaka hili nilitoe. Mtoto wa kaka yangu yuko Birmingham, yuwasoma, huu ndio mwaka wake wa kwanza. Msichana wa mtaa wa Langoni huyu, amekuzwa kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Jumanne alinipigia akaniambia daktari amempima damu, madini ya chuma yako chini sana, ndio manake akipanda ngazi alikua asikia kizunguzungu. Nikamuuliza mwanangu kwani huko wala nini? Akanyamaza. Baadae akasema shangazi, asubuhi chai, mchana sili, usiku zile tambi za pakiti za kumwagia maji ya moto, basi. Bajeti yake ya chakula ilikua pauni 25 kwa wiki, akaishusha mpaka 10. Nikamwambia umeishusha kwa nini? Akasema kuna mchango wa harusi nyumbani.

Hilo la harusi nitalirudia, wallahi nitalirudia. Kwanza tukae na Qurani kidogo.

Leo wengi wetu tumesoma ama tutasoma Suratul Kahf. Nendeni aya ya 19. Wale vijana wameamka pangoni, wako mbali na watu wao, wameikimbiza imani yao, wana njaa, na walichonacho ni fedha yao ile waliyotoka nayo. Wakaambiana mtumeni mmoja wenu aende mjini na fedha hii, akaangalie chakula kipi kilicho safi zaidi, awaleteeni riziki kutoka huko, na aende kwa upole asiwajulishe kwa mtu. Aya inayofuata yatuambia wakijulikana watapigwa mawe. Yaani watu wako katika hatari ya roho, na bado hawakusema leta chochote tutie tumboni. Walisema akaangalie, achague. Na Allah akaiweka habari hiyo ya kwenda sokoni ndani ya kitabu chake tuisome kila Ijumaa mpaka Kiyama. Kwa hivo wewe mwanangu uliye ugenini, unaposimama kwenye supamaketi na vijipauni vyako wageuza pakiti wasoma kilichomo, walinganisha bei, warudisha, wachukua nyingine, usione ni unyonge huo. Tia nia, hiyo ni ibada.

Yule mtoto akaniambia lakini shangazi si Mtume swalallahu alayhi wasallam amesema mwanadamu zamtosha tonge chache? Nikamwambia isome hadithi yote. Amesema tonge za kumnyoosha mgongo wake. Kumnyoosha! Sasa wewe mgongo umekupinda, ngazi zakushinda, swala ya usiku waiswali umekaa, utasema ndio sunna hiyo? Na huyo huyo Mtume alimwambia Abdullah bin Amr, aliyekua afunga kila siku na kuswali usiku kucha, kwamba mwili wako una haki juu yako. Mwili una haki. Huwezi kuudhulumu mwili ukasema wafanya zuhdi, yaani waipa dunia mgongo.

Kuhusu israfu mwaijua aya ya Suratul Aaraf, kuleni na kunyweni wala msifanye israfu, sitaifafanua, manake shida ya huyu mtoto si israfu hata kidogo.

Sasa niseme ninayoyajua kuhusu chakula chenyewe, manake mimi pia nilisoma huko Uingereza, Leicester, na pesa yangu ilikua ndogo na nilikula vizuri alhamdulillah, nikaogopa baridi lakini njaa sikuiogopa. Pauni 25 kwa wiki kwa mtu mmoja anayepika mwenyewe zatosha, na zatosha kwa chakula cha heshima. Siri yake ni kwamba usinunue chakula cha leo, nunua cha mwezi kidogo kidogo. Wiki moja nenda maduka ya Wahindi na Wapakistani, Birmingham yamejaa, chukua gunia la mchele la kilo 10, hulirudii tena kwa muda mrefu. Wiki ya pili adesi na dengu na maharage makavu, sio ya mkebe, makavu ni rahisi zaidi, yaloweke usiku ukienda kulala. Wiki ya tatu bizari na mafuta. Zile pesa zinazobaki kila wiki ndio za mayai, vitunguu, karoti, kabeji, mchicha wa friza. Watu wetu waidharau mboga ya friza, wasema imekufa, hapana, yagandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa na vitamini zake nyingi zimo, tena haikuozei. Nazi ya kukuna usiitafute, kuna nazi ya kukandamizwa iko kama kipande cha sabuni, bei yake ndogo, wakata kidogo watia kwenye adesi, waipata ladha ya nyumbani kabisa.

Nyama ndio yatia watu hasara. Kuku mzima kwa bucha wa halali ni nafuu kuliko vipande, umkate wewe mwenyewe, paja leo, kidari kesho, mifupa uchemshe supu. Ama shikamana na samaki, samaki hana shida ya kuchinjwa, sadini za mkebe zina protini na yale mafuta mazuri na hata vitamini D kidogo. Na hili la vitamini D dada zangu lisikieni vizuri: serikali ya Uingereza yenyewe yashauri kila mtu afikirie kumeza maikrogramu 10 kila siku msimu wa baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi, na sisi tunaojifunika, mwaka mzima. Sisi tumezaliwa juani hatujawahi kulifikiria jua, ukifika kule wajua kwamba lilikua ni chakula.

Jioni supamaketi zabandika stika za manjano kwa vitu vinavyokaribia tarehe, bei yashuka. Tofautisha tarehe mbili tu: ile ya "use by" ni ya usalama, ikipita usile, ile ya "best before" ni ya ubora, mkate wa jana haukuui. Sokoni nako wachuuzi wauza matunda kwa bakuli, ukienda jioni wakifunga bakuli lazidi kujaa. Na adesi ikamulie ndimu, ule uchachu wasaidia mwili kuchukua madini ya chuma, na ile chai iache mpaka saa moja ipite baada ya kula manake chai yazuia. Hayo nimemwandikia yote.

Na hakuna lililo geni hapo. Kusi ikivuma bahari ikachafuka, mashua hazitoki, mama zetu walitulisha nini? Ng'onda (samaki mkavu), kunde, mbaazi, mchicha wa uani, mkate wa mofa. Hakuna aliyetuambia kuna shida, tulikua twakula na kushiba. Huyu msichana elimu hiyo anayo, ameiona jikoni kwa bibi yake tangu mdogo. Hakukosa elimu. Alikosa pesa, na pesa ilikwenda wapi?

Haya, sasa tuje kwetu sisi.

Ndugu zangu, kuna tabia imetuingia Lamu na nitaisema mtu akikasirika na akasirike. Mtoto akipanda ndege tu, tumeshamfanya ni hazina. Hajapata hata blanketi, ameshatiwa kwenye kundi la mchango wa harusi, kundi la matanga, kundi la kurekebisha paa, na huyu yuataka simu, na yule ada ya chuo. Twafanya hesabu ya kuzidisha: pauni moja ni zaidi ya shilingi 150, basi akituma pauni 100 kwake ni kitu gani! Mbona hatuzidishi na upande wa pili? Kodi ya chumba kwa pauni, basi kwa pauni, hita kwa pauni. Viza ya mwanafunzi wa digrii yamruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, akizidisha amevunja sheria. Kabla hata hajaondoka alilipishwa ada ya matibabu ya wageni, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo. Hiyo hatukuizidisha kwa sababu hatukuiona.

Na harusi yenyewe ilikua vipi? Pilau ilibaki, sinia zikamwagiwa paka wa mtaa wa Mkomani. Nilikuwepo. Sote tulikuwepo. Twaijua hadithi si muumini anayeshiba na huku jirani yake ubavuni mwake ana njaa, twaihubiri sana Ramadhani. Sasa huyu ni zaidi ya jirani, ni damu yetu, na tulishiba kwa tonge lake yeye. Alilala na maji ya moto na tambi ili sisi tumwage pilau. Kaeni na jambo hilo, msilikimbie.

Mtasema mbona hakusema? Hakusema manake mlimlea vizuri! Fungueni Suratul Baqara aya ya 273, Allah awazungumzia mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa vile wanavyojizuia, wewe utawajua kwa alama zao, hawaombi watu kwa kung'ang'ania. Hao ndio wanetu walioko nje. Twawadhania matajiri kwa sababu picha yatoka nyuma yake kuna theluji na jengo zuri. Utawajua kwa alama zao, Allah ametuambia tuzitafute alama. Mtoto akipiga simu ya video kila siku yuko kitandani na jikoni hakuonyeshi, hiyo ni alama. Uso umechongoka, alama. Kila ukimuuliza umekula yuasema "ndio" haraka haraka kisha yuabadilisha mazungumzo, hiyo ni alama kubwa. Usimuulize umekula. Muulize umekula nini.

Bi Aisha radhiallahu anha amesimulia kwamba mwezi ulikua waandama, kisha mwingine, na nyumba za Mtume hazijawashwa moto, walikua wakiishi kwa tende na maji. Sisi hadithi hii twaitumia kuwaambia masikini wasubiri. Lakini mwisho wake je? Amesema walikuwepo majirani wa Kiansari, wenyeji wa Madina, wenye wanyama wa maziwa, walikua wakiwaletea maziwa yao. Majirani waliangalia. Walijua moto haujawaka wakapeleka, hawakusubiri kuombwa na hawakwenda kwa nyumba ile kuomba mchango. Hapa Lamu twajua kupokea wageni, Habib Swaleh mwenyewe, yule mwanachuoni wetu, alikuja hapa akitoka Ngazija, akapokelewa, na leo Maulidi yatuleta pamoja msikiti wa Riyadha kwa baraka yake. Itakuaje mji uliompokea mgeni namna hiyo uwasahau wanawe wakiwa wao ndio wageni?

Kwa hivo nimeongea na kaka yangu na tumekubaliana: mtoto hatumi hata senti mpaka daktari aseme damu yake imekaa sawa. Mwenye mchango aje kwetu sisi wakubwa. Na wewe mwanangu najua wasoma hapa, ule, na usiombe radhi kwa kula. Ukiishiwa sema. Musa alayhis salam alifika Madyan ana njaa, hana mtu, akakaa kivulini akasema Mola wangu mimi ni muhitaji wa heri yoyote utakayoniteremshia. Nabii huyo, amesema yeye ni muhitaji. Na jibu lilikuja na miguu ya binadamu, msichana akaja akamwambia baba yangu akuita. Nenda msikiti ulio karibu nawe, ongea na kina mama pale, jitambulishe. Ukiwa na mwenzako mpike pamoja, chakula cha wawili chatosha watatu, Mtume ametuhakikishia.

Mnaotaka kumpelekea mtu kitu, msitie nyama wala maziwa kwenye sanduku manake vyachukuliwa uwanja wa ndege, tieni bizari, iliki, mdalasini, pilipili manga, vitu vyepesi lakini vyafanya adesi iwe adesi.

Allahumma walishe wanetu walioko ugenini chakula cha halali kilicho safi, utie baraka kwenye kidogo chao, uwakinge na baridi na upweke, na utusamehe sisi tuliowaelemea. Amin.

Halafu kina mama wenye vijana wanaoondoka Septemba, waiteni jikoni kuanzia sasa, wavulana kwa wasichana, mvulana naye ana tumbo. Wajue kupika wali, adesi, maharage, na kumkata kuku mzima. Ambaye hana wa kumfundisha amlete kwangu Jumamosi baada ya Asri, aje na daftari na kalamu, vya kupika nitatoa mimi.