Maji ya moto ya Songwe yanaweza kutoa umeme?

Jumamosi nilishuka chemchemi za maji moto za Songwe na shemeji yangu, fundi friji pale Mwanjelwa. Nikamuuliza: maji haya yana nyuzi joto kama 80, hayajafika hata kuchemka, yatazungushaje mtambo? Akacheka. "Shemeji, gesi ya friji inachemka hata kwenye baridi ya Uyole."

Kumbe maji ya moto hayaendi kwenye mtambo kabisa. Yanapita pembeni na kuchemsha kimiminika kingine, mfano pentani, inayochemka kwenye nyuzi 36 tu. Mvuke wa hiyo pentani ndio unaozungusha mtambo, kisha unapozwa, unarudi kimiminika, unachemshwa tena. Kule Chena, Alaska, tangu 2006 wanapata umeme kwa maji ya nyuzi 74!

Ila tusidanganyane, sehemu kubwa ya joto inapotea bila kuwa umeme. Chena wanabebwa na baridi yao, maana kazi inafanywa na tofauti kati ya moto na baridi. (Baridi ya Juni huku kwetu mnaijua.) Mimi ningeanza na mtambo mdogo wa kijiji, halafu joto linalobaki likaushe kahawa ya Mbozi.