Siku tisa bila mausi

Mausi ya kompyuta ya ofisini ilikufa Jumatatu asubuhi. Mnada ulikuwa umepita Ijumaa, bei imeshatangazwa, na kila aliyepita mlangoni aliuliza swali moja: "Karani, hela zetu lini?" Niliichomoa ile mausi nikaichomeka tundu jingine, nikaipuliza, nikaigongagonga mezani kama redio ya betri. Wapi.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, huku juu Newala. Kompyuta yetu ni ya mezani, na ni hiyo hiyo moja. Ndani yake kuna faili la Excel, ile programu ya majedwali, lenye majina ya wakulima zaidi ya 400: kilo, daraja, makato, namba za akaunti. Mausi ya kununua ilibidi iagizwe Masasi au Mtwara mjini, na mtu wa kumwagiza alikuwa hashuki mpaka wiki inayofuata.

Nikampigia mpwa wangu anayesoma Mtwara.

"Mjomba, kibodi inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi huna shida. Bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, zote kwa pamoja."

Ikalia, kikatokea kisanduku cha kuuliza, nikapiga Enter. Zile namba za upande wa kulia zikaanza kusukuma mshale: 4 kushoto, 6 kulia, 8 juu, 2 chini, na 5 ndiyo kubofya. Nilifurahi kama nusu saa hivi. Mshale unatambaa kama kobe, halafu ukitaka kuandika kilo kwa namba hizo hizo lazima ubonyeze Num Lock kwanza, ukimaliza ubonyeze tena. Jioni nilikuwa nimeingiza watu kumi na moja tu.

Siku ya pili nikaachana na mshale kabisa. Mpwa wangu alinitumia meseji yenye njia za mkato chache, yaani vitufe vya kubonyeza pamoja badala ya kutumia mausi, na ile ya kwanza tu ilinitia aibu, maana nina miaka sita kwenye kiti hiki. Ctrl na kishale cha chini: unaruka kutoka mkulima wa kwanza mpaka wa mwisho mara moja. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nazungusha kile kigurudumu cha mausi mpaka kidole kinauma. Ukiongeza Shift, unachagua safu yote unayoipita. Ctrl na Home inakurudisha juu kabisa. Ctrl na alama ya nukta-mkato inaandika tarehe ya leo. Kutafuta ni Ctrl na F, ila huku kwetu usitafute kwa jina, utawapata akina Hamisi wote wa wilaya. Tafuta kwa namba ya mwanachama.

Alhamisi nilipata kizunguzungu. Nabonyeza kishale, kile kisanduku nilichosimama hakisogei, linasogea jedwali zima. Nikazima kompyuta, nikawasha, vilevile. Kumbe nilikuwa nimegusa kitufe cha Scroll Lock bila kujua, na kitaa chake kidogo kwenye kibodi kilikuwa kinawaka muda wote huo kikinitazama.

Shida kubwa lakini haikuwa ya mausi. Benki ilirudisha majina kumi na saba, akaunti hazitambuliki. Kuangalia, namba zote hizo zilitakiwa kuanza na sifuri, na Excel ilikuwa imeila. Kwake yeye hiyo ni hesabu, na sifuri ya mbele kwenye hesabu haina kazi. Namba za simu huliwa hivyo hivyo. Dawa yake: simama kwenye safu ya wima yenye namba hizo, Ctrl na kitufe kirefu cha nafasi kuichagua yote, kisha Ctrl na 1, chagua Text (maandishi), Enter. Ila sifuri iliyokwisha kupotea hairudi yenyewe. Nilikaa na daftari la wanachama nikaziandika upya, moja moja, mpaka adhana ya magharibi.

Umeme nao ulikatika mara mbili wiki hiyo. Excel kwa kawaida hujihifadhia nakala kila dakika 10, na kwangu dakika 10 ni wakulima watano au sita. Nilibonyeza Alt, halafu F, halafu T, ikafunguka mipangilio, nikaenda ukurasa wa Save, nikashusha hizo 10 mpaka 2. Hata hivyo Ctrl na S napiga kila nikimaliza mtu mmoja, kama mtu anayefunga mlango akarudi kuutikisa.

Mausi mpya aliileta mwenyekiti Jumatano ya wiki ya pili, malipo yameshatoka. "Haya karani, sasa utafanya kazi," akasema. Nikamshukuru, nikaichomeka. Naitumia mpaka leo, hasa kuchezea karata mvua ikinyesha na wakulima wakiwa hawaji.