Siku moja maishani mwangu: zamu mbili Baltimore, Ijumaa aliyoshushwa Holliday

Wengi mlio nyumbani mnaniuliza mambo mawili: kazi yangu huku Marekani ni ipi, na hii besiboli ninayoichambua nimejifunzia wapi. Jibu ni moja. Nahudumia wazee katika nyumba ya wazee nje kidogo ya Baltimore, na wazee hao ndio walimu wangu. Nawasimulia Ijumaa ya tarehe 26 Aprili 2024, kwa sababu siku hiyo ubishi ulianza kabla ya chai, nami nilikuwa na zamu mbili mfululizo.

Saa 10:30 alfajiri

Naamka, naoga, nachemsha chai ya tangawizi na kupasha viazi vya jana. Simu imejaa picha. Nyumbani jua limeshapanda, Muungano unatimiza miaka 60, na kundi la familia linatumiana bendera na gwaride. Natuma pongezi zangu, napitia harakaharaka habari za Orioles, timu ya besiboli ya Baltimore, naingia kwenye gari.

Saa 1:00 asubuhi

Makabidhiano. Dada mmoja Mkenya wa zamu ya usiku ananieleza nani hakulala, nani kakataa dawa, nani wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo. Akimaliza anacheka: "Watu wako wameamka zamani. Wanakungoja na yule kijana wao."

Watu wangu ni wawili. Majina yao siyatoi. Humu nitawaita Fundi na Mwalimu. Fundi ana miaka 88 na ujana wake wote uliishia kiwanda cha chuma cha Sparrows Point. Mwalimu alifundisha hesabu sekondari. Vyumba vyao vinatazamana, milango haifungwi, na wanabishana kupitia korido.

Kijana wao ni Jackson Holliday. Ana miaka 20, baba yake Matt aliwahi kuwa nyota wa ligi kuu. Orioles walimchagua wa kwanza kabisa mwaka 2022, akitokea shule ya sekondari Oklahoma, na mwaka 2023 alipanda ngazi zote nne za ligi za chini kwa msimu mmoja. Orodha za makinda zikamweka namba moja nchini. Tarehe 10 Aprili akaitwa timu kubwa, mechi ya kwanza Boston. Tangu hapo amepiga mara 34 na kupata mapigo safi mawili tu, yaani yale yanayomfikisha mpigaji salama kwenye besi, kituo cha kukimbilia.

Saa 1:40 asubuhi

Namnyoa Fundi. Shavu limelegea, kwa hiyo lazima niivute ngozi kwa kidole gumba ndipo wembe upite bila kumkata, naye hapo ndipo anapopenda kuzungumza. Nimeshamzoea: nanyoa anapovuta pumzi.

"Binti, usitazame namba. Tazama mikono." Anachukua taulo dogo, analiviringisha, analishika kama rungu la kupigia. Kidole chake cha shahada cha kulia hakina ncha, kililiwa na mashine. Nusu ya uso ina povu, nusu imeshanyolewa, na ananionyesha pale kwenye kiti cha magurudumu jinsi nyonga inavyotangulia na mikono inavyofuata. "Huyu mtoto mikono inachelewa. Mpira wa maili 95 kwa saa unamfikia kabla hajaamua. Huko Norfolk, timu yetu ya chini, alikuwa na nafasi ya kuamua. Hapa hana."

Mpira wa kasi hiyo hutoka mkononi mwa mrushaji na kufika kwa mpigaji kwa muda usiotimia nusu sekunde. Ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa ajue ni mpira wa kunyooka au wa kupinda, aamue, na rungu liwe limeshafika. Kila mara nikiwaza hilo namwonea huruma yeyote anayesimama pale.

Lakini Fundi hamtupi Holliday. Ananikumbusha Brooks Robinson, ambaye jiji hili lilimlilia alipofariki Septemba 2023. Robinson aliingia Orioles mwaka 1955 akiwa na miaka 18, akapata mapigo mawili mechi ya kwanza, kisha akapiga mara 18 bila kitu. Msimu wake ukaisha na mapigo 2 kwa mara 22. Hata mwaka 1959 walimrudisha ligi ya chini, Vancouver, kabla hajawa yule mlinzi wa besi ya tatu ambaye watu hapa bado wanaita watoto wao jina lake. "Nilimwona mwenyewe Memorial Stadium," anasema Fundi. "Alikuwa mtoto, basi. Mtoto."

Saa 3:00 asubuhi

Kifungua kinywa kimekwisha, naingia kwa Mwalimu na vidonge vimeshatolewa na nesi. Anataka daftari.

Daftari lake ni la kuandikia mechi, kila mpigaji ana mstari wake na kila zamu ya kupiga ina kisanduku chake. Macho yamepungua nguvu, hivyo siku hizi yeye anasikiliza redio na mimi, nikipata nafasi, naandika kwa penseli. Mpigaji aliyetolewa kwa kukosa mpira naandika K. Aliyesimama tu akitazama hadi straiki ya tatu (straiki ni mpira mzuri alioukosa au kuuacha, na ya tatu inamtoa), K inaandikwa imegeuka nyuma. Hivyo ndivyo nilivyoujua mchezo huu, kisanduku kwa kisanduku.

Mwalimu haridhiki na Fundi, ila haridhiki pia na wale wanaosema kijana ana gundu tu. "Tugawe," ananiambia. Mara 34, ukitoa 18 alizotolewa kwa straiki, zinabaki 16 alizougusa mpira ukaingia mchezoni. Mipira ya namna hiyo katika ligi nzima huwa pigo safi karibu mara tatu katika kila kumi. Yeye kapata mbili katika 16. Hapo ndipo bahati imemnyima, labda mapigo mawili, labda matatu. Mrudishie yote matatu: anakuwa na matano kwa 34, na bado hali ni mbaya. Zile 18 hazina bahati ndani yake. Hakuna mlinzi aliyeruka kuudaka mpira wala upepo ulioupeperusha, rungu lenyewe halikuugusa.

Kisha ananipa hesabu aliyokwisha kuifanya usiku kichwani, kwa kukadiria. Mpigaji wa kawaida, wa wastani wa .250, yaani pigo safi moja katika kila mara nne, ukimpa mara 34, kupata mapigo mawili au pungufu kutamtokea kama mara nne katika elfu. "Kwa hiyo usiseme ni ukame wa bahati mbaya. Wiki mbili hizi hakuwa mpigaji wa .250."

Niliposikia hivyo nilidhani anamkatia tamaa. La. Msaka vipaji wa besiboli hutoa alama kuanzia 20 hadi 80, na 50 ndiyo kiwango cha kawaida cha ligi kuu. Jambo ambalo mashabiki wengi hulisahau ni kwamba kila mchezaji hupewa alama mbili kwa kila kipaji: ya leo na ya atakapokomaa. Mwalimu anasema nusu ya magomvi ya mashabiki ni watu wawili wanaosoma safu mbili tofauti. Mmoja anasema hajui kupiga, anasoma ya leo. Mwingine anasema atakuwa nyota, anasoma ya kesho. Wote wanaweza kuwa sahihi na bado wakatukanana jioni nzima. Mimi tangu siku hiyo, nikisikia mtu anamponda au anamsifu kinda, kwanza nauliza: unasoma safu ipi?

Saa 5:00 asubuhi

Kuogesha, kubadilisha shuka, kuandika taarifa kwenye kompyuta. Bibi mmoja wa chumba cha mwisho hataki kuoga, namwimbia hadi anakubali. Hakuna besiboli hapa.

Saa 6:30 mchana

Chumba cha chakula. Nawaketisha Fundi na Mwalimu meza moja maana wametaka wenyewe, nakata nyama ya Fundi vipande vidogo, na jina ambalo nilikuwa naliogopa linatajwa: Chris Davis.

Kwa mtu wa Baltimore jina hilo ni kidonda, na mtu asiyelijua hawezi kuelewa kwa nini hawa wazee wanaogopa neno subira. Davis alipiga homurani 53 mwaka 2013, mipira 53 nje ya uzio. Januari 2016 timu ikampa mkataba wa miaka 7 na dola milioni 161. Mwaka 2018 wastani wake ukawa .168, timu ikapoteza mechi 115, na kuanzia Septemba mwaka huo hadi Aprili 2019 akapiga mara 54 bila pigo safi hata moja, rekodi kwa mchezaji asiye mrushaji. Tarehe 13 Aprili 2019, Boston, gundu likatoka. Mwaka 2021 akastaafu.

"Tulingoja," anasema Fundi. "Kila mwaka tukaambiwa subirini, atarudi. Hakurudi."

Mwalimu ndiye aliyenikumbusha Davis si mfano wa Holliday. Davis alikuwa na miaka 32 mwaka 2018. Macho na mikono ya mtu wa besiboli hupanda hadi miaka ya ishirini na kitu, kisha hushuka. Straiki nyingi kwa mwenye miaka 32, ambaye warushaji wameshamsoma kwa miaka kumi, zinaashiria mlango unafungwa. Straiki zile zile kwa mwenye miaka 20 zinaweza kuwa ngazi tu ambayo hajaipanda. Umri si kisingizio, ni sehemu ya kipimo.

Fundi anamrushia mfano wa Cal Ripken, nyota mwingine wa Orioles: mwaka 1981 alipata mapigo 5 kwa 39, wastani .128, na mwaka uliofuata akawa mchezaji mpya bora wa ligi yake. Mwalimu anaweka uma chini. "Robinson, Ripken. Unawakumbuka kwa sababu walifanikiwa. Nitajie waliopata 5 kwa 39 wakapotea." Fundi anatafuna muda mrefu. Hana jina hata moja. Nami nikasimama pale na sahani mkononi, kwa sababu sijapata kusikia hoja nzuri kuliko hiyo dhidi ya mfano wowote wa nyota aliyeanza vibaya. Waliopotea hawana sanamu nje ya uwanja.

Saa 9:00 alasiri

Zamu ya kwanza inaisha, ya pili inaanza. Nakunywa kahawa nikiwa nimesimama. Habari zinaingia: Holliday anarudishwa Norfolk, baada ya mechi 10 tu.

Nawapelekea wenyewe. Fundi anapiga mkono wa kiti: wamemharakisha kumleta, sasa wanamharakisha kumwondoa. Anasema ukimpandisha kijana, mpe wiki sita, vinginevyo unamfundisha woga. Mwalimu anasema timu hii inashindania ubingwa, mwaka jana ilishinda mechi 101, haiwezi kulipia masomo ya mtu mmoja kwa mechi za watu wote. Anamtaja Colton Cowser. Mwaka 2023 Cowser alipata mapigo 7 kwa 61 akarudishwa Norfolk, na Aprili hii ni miongoni mwa wanaoibeba timu.

Mimi niko na Mwalimu kwa hili, na nilimwambia Fundi waziwazi huku nikimfunga kamba za viatu. Kukaa benchi ligi kuu hakumfundishi mtu kupiga. Ila Fundi ana haki kwenye jambo moja: alama ya leo ilijulikana tangu Machi, timu ndiyo iliyopaswa kuisoma.

Mnaosoma leo mnajua yaliyofuata. Tarehe 31 Julai aliitwa tena, na siku hiyo hiyo akapiga homurani yake ya kwanza, besi zote zikiwa na watu, pointi nne dhidi ya Toronto. Fundi alilia. Mwalimu akaniambia niandike kisanduku hicho vizuri, halafu akasema ni kisanduku kimoja. Holliday alimaliza msimu na wastani wa .189.

Saa 1:05 usiku

Orioles wako nyumbani Camden Yards na Oakland. Sitawasimulia mechi. Fundi amelala kabla haijafika katikati, namvusha kitandani kwa mashine ya kunyanyulia, na mguu wake wa kushoto umevimba kuliko asubuhi, kwa hiyo namwita nesi. Mwalimu anabaki na redio. Kila nikipita naandika visanduku viwili vitatu anavyonitajia, nakimbilia kengele nyingine.

Saa 5:00 usiku

Nakabidhi: mguu wa Fundi uangaliwe, Mwalimu asiamshwe mapema.

Nikiwa kwenye gari nampigia kaka yangu Tanga, ambako kumekucha Jumamosi. Yeye ni mtu wa Simba, besiboli anaijua kwa mdomo wangu tu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Enhe, yule mtoto wako vipi?"

"Kashushwa."

"Mechi kumi tu? Wamemtema!"

"Hajatemwa, kaka. Kapelekwa timu ya chini akacheze kila siku."

"Sisi tungemzomea, tungemweka benchi hadi dirisha dogo, tukamuuza. Si ndiyo hivyo hivyo?"

"Benchi angepiga mara ngapi kwa wiki? Tano? Norfolk atasimama mbele ya mrushaji mara nne kila siku, na kuna mtu kazi yake ni kuhesabu mipira mingapi ya kasi anaikosa. Ikipungua, atapanda."

"Na isipopungua?"

"Basi tutajua hilo nalo. Lakini siyo kwa mara 34."