Kwa nini ninatanguliza shokapu kabla ya springi katika MX-5 ya otokrosi

Msomaji wa Kenya akisikia otokrosi hufikiria vumbi na njia ya udongo. Hapa Marekani mchezo huo hufanyika juu ya lami, katika uwanja mpana wa maegesho au wa ndege, ambako madereva hupokezana kupita kati ya koni za plastiki kwa muda wa takriban dakika moja, na kila koni inayoangushwa humwongezea dereva sekunde 2. Gari halipati nafasi ya kutulia katika kona moja kabla ya kugeuzwa upande wa pili, na kwa maoni yangu jambo hilo ndilo linalopaswa kuamua pesa za saspensheni zianzie wapi.

Gari ninalolizungumzia ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, lililotoka mwaka 1989 na ambalo Wamarekani hulifahamu zaidi kwa jina la Miata. Uzito wake hauzidi tani 1 kwa kiasi kikubwa, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, mpangilio unaosaidia tairi kuendelea kuikanyaga lami vizuri hata bodi inapoinama. Udhaifu wake ni kwamba nafasi ya gurudumu kupanda ni ndogo. Muda mfupi tu baada ya springi kuanza kubanwa, shokapu hukutana na kile kipande cha mpira kinachozuia chuma kugongana na chuma, na hapo ugumu wa upande huo huongezeka ghafla, tairi likapoteza mshiko bila kumpa dereva ishara yoyote.

Kwa sababu hiyo ninasikitika kila ninapoona mtu akianza na springi fupi za kushusha gari. Zinapendeza kwa macho, lakini zinakula nafasi ile ile ambayo tayari ni haba. Tena ugumu ulioandikwa kwenye springi siyo ugumu unaofika gurudumuni: springi ikiwa imefungwa mahali ambapo gurudumu likipanda sentimita 10 yenyewe hubanwa sentimita 7, basi ugumu unaobaki gurudumuni ni 0.7 mara 0.7, yaani karibu nusu. Asiyepiga hesabu hiyo hununua springi isiyotosha kuufidia urefu alioukata, na gari lake hushinda limelalia mpira.

Kanuni nazo zina neno lao. Katika kundi la Street la Sports Car Club of America, chama kinachosimamia mashindano haya, springi za kiwandani hazibadilishwi. Dereva anaruhusiwa kubadilisha shokapu na stabilaiza moja (fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isiiname sana), ya mbele au ya nyuma, na matairi yasiwe na namba ya uchakavu, ile inayoandikwa ubavuni na ambayo ikiwa ndogo huashiria tairi linaloisha haraka, iliyo chini ya 200. Anayetaka springi nyingine huhamia kundi la Street Touring, ambako atakutana na magari yaliyofanyiwa mengi zaidi. Ni vema kuchagua kundi kwanza, kisha kwenda dukani.

Shokapu ndiyo inayotawala kasi ya uzito kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na katika mstari wa koni tano au sita karibu kila mita ni kuhama huko. Ninapendelea ile yenye kitufe cha kurekebisha nguvu ya kujirudisha baada ya kubanwa. Ninaanza laini, kisha ninakaza hatua kwa hatua mpaka gari liache kuyumba baada ya usukani kunyooshwa, na hapo ninasimama. Ikikazwa kupita kiasi, gurudumu halirudi chini kwa wakati, gari linazidi kuzama kila koni inapopita, na mwishowe linaangukia kwenye mpira ule ule tuliokuwa tunaukwepa. Kuna njia rahisi ya kulithibitisha hilo: funga utepe mwembamba wa plastiki kwenye fimbo ya shokapu, usogeze chini mpaka uguse mwili wake, endesha mzunguko mmoja, kisha tazama umesukumwa juu kiasi gani. Chaki ikipakwa kwenye bega la tairi nayo itaonyesha kama tairi linajikunja mno.

Kwa stabilaiza ninachagua nene ya mbele. Kwa nadharia tupu, kuikaza mbele hupunguza utayari wa gari kugeuka, lakini kwa MX-5 ambalo difu yake ni ya kawaida, yaani isiyozuia gurudumu moja kuzunguka peke yake, gurudumu la nyuma la ndani huwa jepesi kwenye kona na kuzunguka bure mara tu dereva anapokanyaga mafuta. Mbele ikikazwa, bodi huinama kidogo, gurudumu hilo hubaki limekanyaga chini, na nguvu ya injini haipotei.

Bushi za gari la umri huu zinafaa kubadilishwa kwa mpira mpya wa aina ile ile, kwa kuwa kundi la Street haliruhusu nyingine. Baada ya hapo kuna alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, ambayo ni nafuu kuliko kifaa chochote nilichokitaja: bolti za mkono wa chini zikizungushwa husogeza mkono huo ndani au nje, na mimi humwomba fundi ayalaze magurudumu ya mbele kwa ndani upande wa juu kadiri bolti hizo zitakavyoruhusu, huku yale ya nyuma yakielekezwa ndani kidogo kwa mbele ili mkia usikimbie wakati wa kufunga breki.