Nilijua, halafu nikalipa

Wakuu leo naongelea poka, na naanza na aibu yangu mwenyewe ili tuelewane mapema. Tulikuwa sita mezani, mi nimeshika ree ya shupaza na jeki ya uru, nikapandisha dau, wote wakatupa karata isipokuwa mzee mmoja mkimya ambaye kwa saa nzima alikuwa anatupa tu, kazi yake kupanga chipu (vile vidude vya kuwekea dau badala ya hela) na kupiga miayo. Zikafunguliwa tatu za mwanzo: ree ya pau, tisa ya kopa, nne ya uru. Moyo ukaniambia ree mbili hizo, vuna. Nikaweka dau, mzee akalipandisha mara tatu yake, nikafuata, yaani nikalipa dau lake ili nibaki. Ya nne ikatoka sita, akaweka tena, nikafuata. Ya tano ikatoka mbili, mzee akasukuma chipu zake zote katikati bila hata kunitazama, na mimi nikakaa pale kama dakika mbili nikijua, yaani najua kama navyojua jina langu, kwamba huyu ana kitu kizito. Nikafuata. Akafunua tisa mbili, na ile ya mezani zikawa tatu, zikazila ree zangu mbili. Mimi eti nikasema kwa sauti, "Nilijua!"

Sasa kama ulijua ulikuwa unalipia nini?

Hilo swali ndo limenifundisha poka kuliko video zote nilizowahi kuangalia.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, Texas Hold'em ni hivi: kila mtu anapewa karata 2 za siri, mezani zinafunguliwa 5 za wote (kwanza 3, halafu 1, halafu 1), unaunda mkono bora wa karata 5 kutoka kwenye hizo 7, na kila hatua kuna kuweka dau. Sheria unaelewa siku moja. Tabia za watu ndo zinakula miaka.

Na tabia zenyewe ukizichambua zinatoka kwenye maswali mawili tu: huyu anaingia mikono (yaani raundi) mingi au michache, na akiingia anapandisha au anafuata? Kuna anayeingia mara chache na hata akiingia ni mpole, huyo namuita mwamba. Kuna anayeingia kila kitu na kufuata kila kitu, huyo ni mfuataji, ndo nilikuwa mimi. Kuna anayeingia kila kitu na kupandisha kila kitu, kichaa, ukikaa naye unatoka jasho. Halafu kuna anayechagua karata zake vizuri ila akishaingia anashambulia, na huyu wa mwisho ndo mtindo ambao mtu anayeanza anatakiwa auige, kwa sababu unapunguza idadi ya maamuzi magumu. Ukiingia na karata nzuri unajikuta kwenye matatizo machache, basi, hakuna uchawi.

Kuchagua maana yake nini? Kuna aina 169 za karata mbili za kuanzia, na nyingi ni takataka. Kama karata zako mbili hazifanani, karibu mara mbili kati ya tatu zile tatu za mwanzo hazikupi hata pea. Ree mbili zenyewe unazipata kwa wastani mara 1 katika mikono 221, kwa hiyo ukikaa kuzisubiri utazeeka. Na ukizipata usizifiche! Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama asilimia 85, lakini ukiwaacha watu watano waingie kwa bei rahisi zinashuka hadi karibu nusu kwa nusu. Wanaoanza wanapenda sana kujifanya wajanja hapa, wanatega, halafu mtu anakuja na saba na nane anawamaliza wanaanza kulia bahati mbaya. Pandisha dau, wapungue.

Kitu kingine ni kiti. Anayeongea wa mwisho ameshaona wenzake wote wamefanya nini, wa kwanza anacheza gizani. Kwa hiyo ree na kumi ukiwa wa mwisho ni karata ya kupandisha, ukiwa wa kwanza kwenye meza ya watu tisa itupe tu wala usiumie. Mi nilichukua muda mrefu kukubali hili, nilikuwa naona karata ni karata.

Haya turudi kwa ndugu yangu mfuataji, maana wengi wetu tunaanzia hapo. Ugonjwa wake ni kutaka kuona. Ana kopa nne anasubiri ya tano (tano za alama moja ni mkono mzito), analipa dau lolote utakalomtajia. Na wala hesabu yake si ngumu: kopa ziko 13, nne unaziona, zimebaki 9. Zidisha kwa 2 unapata makadirio ya kuipata kwenye karata inayofuata, kama asilimia 18, na kama zimebaki karata mbili na hutalipa tena katikati zidisha kwa 4, kama 36. Afu angalia bei. Poti, yaani hela iliyoko katikati, lina 100, mwenzako kaweka 50, unatakiwa ulipe 50 ili ushinde 150, yaani unahitaji kushinda angalau mara 1 kati ya 4. Asilimia 18 haifiki 25, tupa, labda kama una uhakika atakulipa vizuri ukiipata. Akiweka 20 tu kwenye poti la 100, fuata hata bila kuwaza. Huo ndo ufundi ambao watu wanaufanya uonekane kama sayansi ya roketi.

Na ukikutana na mfuataji, tafadhali usimpigie blafu, yaani kuweka dau la kutisha wakati huna kitu. Nimeshaona watu wanamtisha mtu ambaye hatishiki, wanaweka madau matatu mfululizo wakiwa hawana kitu, jamaa anafuata na pea ya nne, halafu wanamtukana eti hajui mchezo. Hajui ndiyo, na kwa sababu hajui ndo hatupi! Blafu unampigia mtu mwenye akili ya kuogopa. Mwaka 2003 kwenye fainali ya World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka, mhasibu mmoja Mmarekani, Chris Moneymaker, alibaki yeye na Sammy Farha, mchezaji wa kulipwa. Mezani kuna tisa, mbili, sita, nane na tatu. Moneymaker ana kingi na saba, shupaza alizokuwa anazisubiri hazijaja, hana hata pea, akasukuma zote. Farha alikuwa na tisa, pea kubwa kuliko zote zilizoweza kutoka na karata za pale mezani, akawaza weee, akatupa. Moneymaker akaja kubeba dola milioni 2.5. Sasa mweke yule mfuataji wetu kwenye kiti cha Farha. Angelipa kabla chipu hazijatulia.

Kichaa naye usishindane naye kwa kelele. Subiri karata nzuri mwache ajipeleke mwenyewe. Mwamba yeye mwibie vipoti vidogo kila siku, ila siku akiamka na kupandisha, kimbia. Kwenye ule mkono wangu kilichonihusu hakikuwa ree yangu hata kidogo, kilikuwa ile saa nzima ya miayo.

Na cheza kwa hela ambayo hata ikipotea yote hakuna atakayekuuliza nyumbani, nadhani hilo halihitaji maelezo.

Wiki iliyopita nilikaa tena na yule mzee. Nikashika ree na kingi, mezani ikatoka kingi, nikaweka dau, akapandisha. Nikamwangalia, akapiga mwayo. Nikazitupa kifudifudi. Nikamuuliza, mzee wangu, ulikuwa na nini? Akacheka tu, akazichomeka karata zake katikati ya zingine akaanza kuzichanganya.