Kielelezo cha matawi kilivyonifungulia sintaksia ya Python

Nilipoanza kujifunza kuandika programu kwa Python, ujumbe ulionisumbua kuliko wote ni ule wa hitilafu ya sintaksia, yaani kosa katika mpangilio wa maneno na alama. Kilichonikwamua ni sarufi: uchanganuzi wa sentensi kwa kielelezo cha matawi. S (sentensi) inagawanyika kuwa KN (kundi nomino) na KT (kundi tenzi), KN inatoa nomino na kivumishi, hivyo hivyo hadi kila neno lipate tawi lake. Kompyuta nayo hupanga matawi kabla ya kutekeleza chochote. Ndiyo maana kosa likiwa mstari wa mwisho wa faili, hata mstari wa kwanza haufanyi kazi.

Mfanano huu una historia. Mwaka 1957 mwanaisimu Noam Chomsky alieleza muundo wa sentensi kwa kanuni za namna hiyo. Mwaka 1959 mtaalamu wa kompyuta John Backus akaeleza lugha ya kompyuta kwa kanuni zinazokaribiana nazo sana, na mwenzake Peter Naur akazitumia katika ripoti ya lugha ya kompyuta iitwayo ALGOL 60. Nilifurahi mno kujua hilo.

Mabano ndiyo yaliyokuwa magumu. Nilichukua mistari miwili, nikaondoa bano la kufunga kwa makusudi:

jumla = round(bei * idadi
print(jumla)

Toleo nililokuwa nalo lililalamikia mstari wa pili, ambao hauna kasoro! Nikaandika sentensi hii kando yake: "Mtoto ambaye mwalimu aliyekuja jana alimsifu ameamka." Ukiondoa "ameamka", "mtoto" anabaki akining'inia, anasubiri kitenzi chake. Msikilizaji hajui kama kuna kilichokosekana mpaka uanze sentensi nyingine. Python nayo ilikuwa bado ndani ya mabano, inasubiri yafungwe, ndipo ikakutana na print.

Tofauti ni kwamba mtu ukimwambia "kitabu zangu limepotea" atakuelewa tu, kompyuta haisamehi. Kwa upande mwingine, "Meza imekunywa ndoto ndefu" ni sintaksia safi isiyo na maana, na programu inayojumlisha umri na bei itakubalika vilevile. Kosa hilo hutalionyeshwa, inabidi ulitafute mwenyewe kwenye majibu.

Tangu toleo la 3.10, Python hutaja moja kwa moja bano lisilofungwa. Kwa matoleo ya zamani bado naanza kutafuta juu ya mstari uliotajwa, nikihesabu mabano yaliyofunguliwa.